Chujio, Kipimo na Bonde la Digodigo

Mwaka 1955 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Robert F. Gray, aliishi miongoni mwa Wasonjo, wakulima wa mabonde yaliyojificha kaskazini mwa Ngorongoro, kwenye miinuko ya magharibi ya Ziwa Natron. Kitabu alichokitoa mwaka 1963 kina habari za ndoa, za mbuzi, na za Khambageu, ambaye Wasonjo humsimulia kama mtu aliyegeuka mungu. Lakini kinachobaki kichwani mwa msomaji ni maji.

Chemchemi hutoka kwenye mitelemko, mifereji huyapokea maji na kuyasambaza mashambani, na maji yenyewe hayatoshi. Kwa hiyo hugawanywa kwa zamu, mchana na usiku. Wenye kauli ni wenamiji, baraza la wazee ambao nafasi zao hurithiwa. Wasio na haki ya kuzaliwa nayo ilibidi waombe, tena wasiende mikono mitupu: mbuzi, asali au nafaka. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, waliishi hivyo katika eneo lililozungukwa kila upande na wafugaji wa Kimaasai, na wenzao wa kale wa kilimo cha mifereji, wakazi wa Engaruka, walishahama karne kadhaa nyuma wakaacha mawe tu.

Mwenye zamu huja na jembe. Anaondoa tope na mawe yaliyoziba mdomo wa mfereji wake, anasubiri maji yafike mwisho wa tuta, anaziba, anahamia tuta la pili. Lazima ajue zamu yake inaanza lini, aliyemtangulia amechelewa kiasi gani, na usiku huu ni wa ngapi tangu alipomwagilia mara ya mwisho. Akikosea hesabu, mahindi yanamsuta mbele ya majirani.

Wakati Gray anayaandika hayo, hesabu ya aina nyingine ilikuwa ikitembea Tanganyika nzima, hesabu ya kwenye karatasi, na yenyewe pia ilihusu kugawa kitu kilicho haba. Kitu hicho kilikuwa kiti cha darasa la tano.

Vijana wa leo hawajui kwamba nchi hii iliwahi kuwa na shule za kati. Kwa mpango wa elimu wa miaka kumi ulioanza mwaka 1947, ngazi zilikuwa tatu za miaka minne minne: shule ya msingi hadi darasa la nne, shule ya kati kuanzia la tano hadi la nane, kisha sekondari hadi la kumi na mbili. Kati ya ngazi na ngazi palikuwa na mtihani. Wa darasa la nne ndio uliokuwa mkali kuliko yote kwa sababu uliwakuta watoto wakiwa bado wadogo na uliwaacha wengi zaidi: serikali ilikusudia mtoto mmoja kati ya watano aendelee. Hao wanne waliobaki hawakuwa wameshindwa kusoma. Walikosa kiti.

Tofauti hiyo ndiyo historia nzima ya mitihani ya kusoma na kuhesabu katika Tanzania. Kipimo humwambia mwalimu kama mtoto anajua. Chujio humwambia ofisa nani apite. Karatasi moja inaweza kufanya kazi zote mbili, lakini viti vikiwa vichache chujio humeza kipimo, na hapo hakuna anayeuliza tena kama yule wa nne kutoka mwisho anaweza kusoma barua ya baba yake.

Hata neno lenyewe lina asili yake. Wazee waliosoma miaka hiyo husema “nilifika standadi foo” na wajukuu hudhani ni Kiingereza cha kawaida cha shule. Asili yake ni kanuni za elimu za Uingereza za mwaka 1862, zilizosukumwa na mwanasiasa Robert Lowe. Serikali ya huko ilichoka kuzipa shule fedha bila kujua zinanunua nini, ikaweka viwango sita, yaani “standards”, vya kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkaguzi alifika shuleni mara moja kwa mwaka, akamsimamisha kila mtoto, na kila aliyefeli somo aliipunguzia shule ruzuku. Walimu walijua la kufanya. Waliwakaririsha watoto kitabu kizima, hata ikasimuliwa kwamba wapo walioweza “kusoma” huku kitabu kimeshikwa juu chini. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga mpango huo waziwazi. Ulidumu zaidi ya miaka thelathini. Malipo yalipoondolewa, viwango vilibaki, na vilisafiri na Waingereza hadi makoloni. Ndiyo maana mtoto wa Kisonjo aliitwa wa “standard” fulani kwa amri iliyotungwa London kabla bibi yake hajazaliwa.

Aliyefaidika na chujio hilo kuliko wote tunamjua. Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi, akafaulu mtihani wa darasa la nne, na mwaka 1937 akawa Tabora, shule ambayo Waingereza waliipanga kwa mfano wa shule zao za mabwana wakubwa. Kutoka hapo Makerere, kisha Edinburgh. Ni mfano ambao kila mwalimu mkuu wa zamani aliutaja siku ya kufunga shule. Ila ndiye huyo huyo baadaye aliyekaa akaandika kwamba mitihani hii inapima uwezo wa kukumbuka na kuyatoa uliyoambiwa unapotakiwa, na haipimi uwezo wa kufikiri wala tabia ya mtu. Inahitaji mtu aliyepita kwenye tundu la sindano kulisema tundu lilivyo.

Shule ya kati yenyewe ilikuwa mahali pa ajabu kidogo. Wakubwa wa elimu waliipa mwelekeo wa kilimo: mashamba, ng'ombe, bustani, majembe asubuhi. Wazazi wengi walikasirika. Walilipa karo ili mtoto aachane na jembe, si alishike kwa amri ya mwalimu. Kwa Wasonjo, waliokuwa wakimwagilia mashamba kabla serikali yoyote haijafika, somo la kilimo lililotoka ofisini lilikuwa na kichekesho chake. Na kwa kuwa mabonde yao yalihesabiwa ndani ya Wilaya ya Maasai, yenye makao makuu Monduli na ofisi ndogo Loliondo, njia ya mtoto kuelekea masomo ya juu ilikuwa ni kuondoka: kushuka milima, kulala bweni, kuishi kwa Kiswahili mchana na usiku, halafu kuanza kukifukuza Kiingereza, maana bila Kiingereza mtihani wa darasa la nane haukuvukika.

Ukipiga hesabu, mtoto wa bonde hilo alihitaji lugha tatu ili kujibu swali la kugawanya machungwa. Kitemi, lugha ya nyumbani, ni ya Kibantu lakini ya ukoo wa Kikuyu kuliko wa Kiswahili. Kufanana kupo, kueleweka moja kwa moja hakupo.

Uhuru ulikuta hali hiyo. Mwaka 1961 shule za msingi zilikuwa na watoto kama 490,000. Sekondari zote za Tanganyika, kidato cha kwanza hadi cha sita, zilikuwa na wanafunzi 11,832, na kati yao kidato cha sita walikuwa 176. Takwimu hizo zimo katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Nyerere Machi 1967. Humo humo alikiri jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulikiri: pamoja na juhudi zote, watoto kama 13 tu kati ya 100 waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya kuendelea. Basi kwa nini, akauliza, shule ya msingi iwe ya kuwaandaa wale 13?

Chujio la darasa la nne likaanza kutolewa taratibu, shule za kati zikamezwa na shule za msingi, na darasa la nane likaondolewa. Mtoto akawa anaanza la kwanza na kumaliza la saba mahali pamoja, kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Kwa kijiji cha Wasonjo kama Digodigo hayo yalikuwa mapinduzi kuliko hotuba nyingi. Mtoto hakulazimika tena kuhama ili apate kuitwa mwanafunzi wa darasa la tano.

Mitihani nayo ikarudishwa nyumbani. Kwa miaka mingi karatasi za sekondari zilitungwa na kusahihishwa Cambridge. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1971 Tanzania ikajitoa humo. Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo kila mzazi leo analiita NECTA kana kwamba ni jina la mtu. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na pia likataka maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe, isiwe siku moja ya mtihani pekee.

Watoto walifurika. Ualimu wa muda, madarasa chini ya mti, kitabu kimoja dawati zima. Sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliopata nafasi ya kidato cha kwanza walikuwa chini ya watoto watano kati ya mia. Chujio lililoondolewa darasa la nne lilikuwa limehamia la saba, tena kwa tundu dogo zaidi. Waliomaliza enzi hizo hukumbuka alama kwa jumla ya 150: Lugha, Hisabati na Maarifa, 50 kwa kila karatasi. Mtu angeweza kupata 100 na bado akabaki kijijini.

Katika uhaba huo serikali ilikuwa na utaratibu uliozua manung'uniko sehemu moja na kuleta nafuu sehemu nyingine: mgao wa mikoa na wilaya. Nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa ili mtoto ashindane na wa kwao. Kilimanjaro, yenye shule nyingi za misheni, watu waliona wameonewa. Mtoto wao aliachwa kwa alama ambazo kwingine zingempeleka sekondari. Kwenye wilaya za wafugaji hali ilikuwa kinyume. Ngorongoro, iliyopewa hadhi ya wilaya kamili mwishoni mwa miaka ya 1970, ilinufaika na utaratibu huo. Anayekerwa na mgao na akaufikirie mfereji: wenamiji wangelipeleka maji yote kwenye shamba lenye rutuba zaidi, bonde lingevuna kwa wingi mwaka mmoja na kuvunjika vipandevipande mwaka wa pili.

Karne ikageuka. Ada ya shule ya msingi ikafutwa, ukaja MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, na kuanzia 2004 MMES, mwenzake wa sekondari, ukaleta shule za kata. Nchi nzima zilijengwa kuta, ofisi ya mkuu wa shule, maabara iliyosubiri vifaa. Digodigo, ambayo ni kata ya Tarafa ya Sale, ikawa na sekondari yake. Viti, kwa mara ya kwanza tangu Waingereza, vilikuwa vingi.

Na hapo ndipo aibu ilipotokea. Chujio lilipolegea watu wakagundua kwamba kwa miaka sitini hakuna aliyekuwa amepima.

Mwanzoni habari zilikuwa njema, hata kupita kiasi. Mwaka 2007 nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, chini ya ushirikiano uitwao SACMEQ, ziliwapima watoto wa darasa la sita kusoma na kuhesabu kwa maswali yale yale. Wastani wa kulinganishia ulikuwa 500. Tanzania Bara ilipata 577.8 katika kusoma na kuongoza mifumo yote 15 ya elimu iliyoshiriki, ikizipita Seychelles na Mauritius. Katika hesabu ilipata 552.7, nyuma ya Mauritius na Kenya tu. Magazeti yalishangilia kidogo, kisha yakasahau.

Miaka mitatu baadaye watu wa Uwezo, mradi uliofuata mfano wa ASER wa India, waliingia vijijini. Hawakwenda shuleni. Walibisha hodi majumbani siku ambayo watoto wapo, wakaketi na kila mmoja juu ya mkeka au gogo, na kumpa karatasi: soma silabi, soma maneno, soma aya, soma hadithi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kiwango cha darasa la pili. Matokeo ya 2010 yalisema mtoto mmoja kati ya watano waliomaliza darasa la saba hakuweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili, na nusu yao hawakuiweza ya Kiingereza.

Nani alisema kweli? Wote wawili, kwa bahati mbaya. SACMEQ iliwauliza watoto wa Tanzania kwa Kiswahili, lugha ya darasa lao toka siku ya kwanza, wakati majirani wengi waliulizwa kwa Kiingereza au Kireno. Hiyo peke yake ni ngazi kadhaa. Halafu iliwakuta waliokuwa bado wamo darasani ilipofika la sita. Na wastani una tabia ya kuficha: mtoto mmoja wa Arusha mjini mwenye vitabu nyumbani anaweza kumbeba mgongoni mwenzake wa Malambo, Ngorongoro, asiyejua silabi, na kwenye jedwali wote wawili wakaonekana wanatembea.

Serikali ilikubali jambo hilo kwa shida. Mwaka 2012 ilibainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka huo huo mtihani wa la saba ukaanza kusahihishwa kwa mashine, na lugha ya Kiswahili ikapata kazi mpya kwa neno la zamani: kusiliba. Mtoto anasiliba kiduara cha jibu kwa penseli, mashine inasoma weusi. Hisabati nayo ikawa ya kuchagua A hadi E, bila kuonesha njia. Wazazi wakalalamika kwamba mbuzi naye akifundishwa kushika penseli atapata moja ya tano. Baadaye Baraza lilirudisha maswali machache ya kukokotoa na kuchora. Waliofaulu 2012 walikuwa kama 31 kati ya 100. Mwanzoni mwa 2013 yakaja matokeo ya kidato cha nne ambako watahiniwa 60 kati ya 100 walipata sifuri, nchi ikatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume.

Katika vumbi hilo ndipo kikazaliwa kitu kilichokuwa kimekosekana tangu shule za kati. Oktoba 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, watoto wa darasa la pili walipimwa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, bila kuchaguliwa kwenda popote. Ni tukio dogo mno kulitazama. Mtoto anatolewa darasani, anaketi mkabala na mgeni. Mbele yake kuna hadithi fupi yenye maandishi makubwa. Mgeni anasema “anza”, saa inahesabu dakika moja, mtoto anasoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari: ka-ka… kaka a-li… alikwenda… Kila neno lililokosewa linawekewa alama. Dakika ikiisha mgeni anasema “basi, ahsante”, anahesabu, kisha anauliza kaka alikwenda wapi.

Wastani wa nchi ulikuwa maneno karibu 18 kwa dakika. Kiwango kilichowekwa kama lengo ni 50. Kwa mwendo wa maneno 18, mtoto akifika mwisho wa sentensi ndefu ameshasahau mwanzo wake. Waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotakiwa walikuwa 8 kati ya 100. Na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Hakina mitego ya Kiingereza ambako “though” na “tough” zinatofautiana kwa sababu asizozijua hata Mwingereza. Mtoto akishajua silabi zake, mlango uko wazi. Kwamba wengi walikuwa bado wamekwama mlangoni lilikuwa suala la darasa la kwanza na la pili lenye watoto wengi na mwalimu mmoja, kwa kawaida yule ambaye mwalimu mkuu hakumhitaji kwa darasa la saba. Walimu bora waliwekwa palipo na mtihani. Chujio lilikuwa limeivuta shule nzima upande mmoja, kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya punda.

Mtaala wa KKK kwa madarasa mawili ya mwanzo ulianza 2015, walimu wakapewa mafunzo, vitabu vikachapwa. Muda mfupi kabla ya hapo, bila shaka bila kukusudia, roho ya Robert Lowe ilirudi kutembelea Tanzania. Shirika la Twaweza liliendesha jaribio liitwalo KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi, mwaka 2013 na 2014. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupewa ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo la kipimo, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu likapata vyote. Matokeo yaliyochapwa 2019 katika jarida kubwa la uchumi la Marekani yalikuwa ya kufundisha: fedha za shule peke yake hazikubadili alama za watoto; ahadi peke yake ilibadili kidogo, kwa mashaka; vyote pamoja vilileta mabadiliko yanayoonekana, makubwa kuliko jumla ya viwili vikitengwa. Mkulima wa mfereji asingeshangaa. Zamu bila jembe haimwagilii shamba, na jembe bila zamu ni mzigo begani.

Huko juu, kwenye la saba, namba zilipanda mlima. Waliofaulu 2013 walikuwa asilimia 50.61, mwaka 2015, 67.84, mwaka 2020, 82.68. Kufaulu kulimaanisha kupata alama 100 kati ya 250, yaani asilimia 40. Ndani ya jumla hiyo masomo hayakulingana. Mwaka 2013 Kiswahili walifaulu karibu 69 kati ya 100 na Hisabati chini ya 29. Na ukitaka kuona hesabu inaelekea wapi baada ya hapo, linganisha mwaka mmoja: 2021 watoto karibu 82 kati ya 100 walifaulu la saba, na kidato cha nne mwaka huo huo waliofaulu Hisabati hawakufika 20 kati ya 100. Ni watoto tofauti, kweli, wametengana miaka minne. Katikati ya miaka hiyo minne lugha ya kufundishia imegeuka Kiingereza, na aliyekariri “kigawe kidogo cha shirika” anaanza upya kwa jina jingine.

Karatasi hizo, hadi zifike bonde la Digodigo, zina safari yake. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Loliondo ni zaidi ya kilomita 200, inapita Engaruka, inazunguka chini ya Oldoinyo Lengai na kupanda mlima kutoka Engare Sero kwa kona ambazo dereva mgeni huzikumbuka hadi uzeeni. Afrika Mashariki nzima iliijua mwaka 2011, wakati magari ya maelfu ya wagonjwa yalipopanga foleni ya siku kadhaa kuelekea Samunge, jirani ya Digodigo, kwa kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kwa shilingi 500. Tangu wakati huo kipande cha Wasso hadi Sale, kilomita 49, kimewekewa lami. Bahasha za mtihani hupita na ulinzi wa polisi, zimefungwa kwa lakiri, na hufunguliwa mbele ya msimamizi aliyetoka shule nyingine. Ulinzi huo una sababu. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya la saba ya wilaya nzima ya Chemba, mkoani Dodoma, kwa udanganyifu, na watoto wakarudia. Walioiba walikuwa watu wazima. Jina la wilaya juu ya orodha lilikuwa na thamani kwa mtu kuliko watoto waliomo.

Orodha yenyewe imekufa. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza lilisema halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora, kwa kuwa kulinganisha shule zenye mazingira tofauti hakuna tija na kulikuwa kunazitangazia biashara baadhi yake. Wenye shule za binafsi hawakufurahi. Kwa shule za pembezoni habari ilipita kimya, maana huko orodha ilikuwa ikisomwa kwa jicho la mtu anayesikiliza matokeo ya mpira wa Ulaya.

Na sasa la saba nalo limo njiani kuondoka. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mtoto atapimwa njiani, bila mtihani wowote wa kumtoa nje kabla ya miaka kumi kutimia. Kwa maneno ya miaka ya 1950, shule ya kati inarudi, ila safari hii mlango wake hauna bawabu.

Bado mtihani wa la saba unafanyika Septemba. Huo ni mwezi wa kiangazi huko mabondeni. Mvua za vuli hazijafika, mifereji imepungua, na zamu za maji zinabana kuliko wakati wowote wa mwaka. Watahiniwa huamka mapema, wakiwa wamenolewa penseli mbili na kifutio. Madawati yametenganishwa, nje kuna askari kivulini. Msimamizi anasoma maelekezo kwa sauti mara mbili, anaangalia saa, anaandika ubaoni muda wa kuanza na muda wa kumaliza. Kwenye mashamba ya chini mtu naye anatazama jua, anaona zamu ya jirani imekwisha, anainama kuondoa mawe.